Injini Ikizima, Ndege Haidondoki: Kinachoangusha Ndege Ndogo ni Nini?

Tarehe 10 Januari 2025 ndege ndogo ilianguka Kwachocha, kwenye barabara kuu ya Mombasa–Malindi, si mbali na uwanja wa ndege wa Malindi. Waliofariki walikuwa watu wa barabarani, wanaokwenda zao, wasio na habari na safari ile ya angani. Msiba wa namna hiyo huacha maswali mengi, na pasipo majibu watu hujijibu wenyewe. Barazani hukumu huwa moja: injini ilizima, ndege ikadondoka kama nazi.

Makala haya hayasemi kilichotokea Kwachocha, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wachunguzi. Yanafungua fundo moja, nalo ni hilo la nazi. Injini ikizima, ndege haidondoki. Inaendelea kuruka, ila kwa kushuka. Mara nyingi kinachoua baada ya injini kuzima ni jambo jingine kabisa, na nahodha yeyote wa mashua ya Lamu angelielewa kwa dakika mbili.

Tuelewane maneno kwanza

Ndege ndogo tunayoizungumzia hapa ni ile ya watu wawili hadi sita, yenye injini moja ya pistoni inayotumia petroli, inayorushwa kwa mafunzo au kwa starehe. Cessna 172 ya viti vinne ndiyo maarufu kuliko zote. Sizo zile zinazoleta abiria wa tiketi Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu, kila siku. Hizo kwa kawaida zina injini za turbini, marubani wenye leseni ya biashara, na sheria nzito zaidi. Mtu anayesikia "ndege ndogo imeanguka" akavunja safari yake ya Lamu ni kama aliyesikia pikipiki imepata ajali akaogopa kupanda basi.

Kuna pia tofauti kati ya ajali na tukio. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeiweka katika Kiambatisho chake cha 13. Ni ajali iwapo, tangu mtu wa kwanza apande kwa nia ya kuruka hadi wa mwisho ateremke, mtu amekufa au ameumia vibaya, chombo kimevunjika mahali panapobeba nguvu zake, au kimepotea. Mengine yote yanayogusa usalama ni matukio. Rubani aliyetua salama huku tangi limebaki na petroli ya dakika tano amepata tukio, hata kama abiria wake waliteremka wakicheka. Matukio ndiyo yenye mafunzo mengi, kwa sababu aliyehusika yu hai na anaweza kueleza. Akinyamaza kwa haya, somo hilo atakuja kulilipia mwingine.

Bawa ni tanga lililolazwa

Fikiria mashua inayotoka Shela kwenda Lamu mjini kwa tanga. Demani, yaani kamba ya kuvutia tanga, ikivutwa kwa kiasi, upepo unateleza pande zote mbili za tanga na chombo kinakwenda. Ukiikaza demani kupita kiasi, tanga linauziba upepo badala ya kuuelekeza: chombo kinalala upande, mwendo unakufa, na nahodha anapiga kelele ilegezwe. Upepo ni uleule na tanga ni lilelile. Kilichobadilika ni pembe.

Bawa la ndege liko hivyohivyo. Rubani akivuta usukani, pua inainuka na pembe kati ya bawa na hewa inakua. Hadi kiasi cha nyuzi 15, kila pembe inavyoongezeka bawa linabeba zaidi. Ikivuka hapo, hewa ya juu ya bawa inabanduka, inavurugika, na bawa linaacha kubeba. Hali hiyo marubani huiita stoli.

Neno hilo lenyewe ndilo lililotupotosha. Dereva akisema gari limestoli, ana maana injini imezima. Rubani akisema ndege imestoli, hazungumzii injini hata kidogo. Bawa linaweza kuacha kubeba huku injini ikinguruma kwa nguvu zake zote. Habari ikisema ndege "ilistoli baada ya kupaa", msomaji huelewa injini ilikata, na kosa huzaliwa hapo.

Dawa ya stoli ni kulegeza demani: sukuma usukani mbele, punguza pembe, hewa ishike bawa tena. Cessna 172 hutii upesi, lakini kabla ya kutii inaweza kupoteza hadi mita 70 za kimo. Ukiwa mita 1,000 juu ya Watamu, hiyo ni sehemu ya somo la kila mwanafunzi. Ukiwa mita 60 juu ya paa za Maweni, ardhi itakufikia kabla dawa haijafanya kazi. Na bawa moja likiachia kabla ya mwenzake, ndege inapinduka upande huo na kuanza kujisokota kuelekea chini. Hapo ndipo watu wa chini husema imeanguka kama jiwe, na kwa kweli kwa macho yao wameona hivyo.

Sasa tazama injini iliyozima bila stoli. Cessna 172 isiyo na injini husonga mbele karibu mita tisa kwa kila mita moja inayoshuka, mradi rubani ashike mwendo wa kilomita 120 na kitu kwa saa. Kutoka kimo cha mita 900 itasafiri kilomita 8, umbali unaokaribia ule wa Malindi mjini hadi daraja la Sabaki, na itachukua karibu dakika nne. Dakika nne zinatosha kuchagua shamba, kubadili tangi, kujaribu kuwasha tena, kuita redioni, kukaza mikanda na kufungua kitasa cha mlango ili usije ukakwama fremu ikijikunja.

Kugeuka kurudi uwanjani

Hatari ya kweli iko katika dakika ya kwanza baada ya kuruka. Pua iko juu kwa kuwa ndege inapanda. Injini ikikata, mwendo unayeyuka ndani ya sekunde tatu au nne, na hizo ndizo sekunde ambazo binadamu huzitumia kutoamini. Mkono unataka kuvuta, kwa sababu ardhi iko karibu na kila mtu hukimbia ardhi kwa kupanda. Kinachotakiwa ni kinyume: shusha pua mara moja, hata kama mbele unaona mabati.

Kisha huja kishawishi cha pili, cha kugeuka. Njia ya ndege iko nyuma, pana na tupu. Kwa nini usirudi?

Hesabu inakataa. Kwanza, kugeuka nyuma si nyuzi 180. Ukishageuka nusu duara unakuta njia iko kando yako, si mbele yako; itabidi ugeuke zaidi ya nyuzi 200, kisha urudi upande wa pili kujipanga. Pili, ndege inayolala upande ili igeuke inahitaji bawa libebe zaidi, kwa hiyo stoli inakuja kwenye mwendo mkubwa zaidi. Cessna inayostoli kwa kilomita 90 kwa saa ikiwa sawa, ikilala nyuzi 45 bila kuachia kimo hustoli kwa 107, na ikilala nyuzi 60 hustoli kwa 127, yaani mwendo ule ule ambao rubani anadhani ni wa usalama. Anayeona hatafika hulaza zaidi na kuvuta zaidi. Demani inakazwa mikono miwili.

Tatu ni upepo, na hapa Pwani ina somo lake. Njia kuu ya Malindi ina namba 17 upande mmoja na 35 upande wa pili. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizokatwa tarakimu ya mwisho. Msimu wa Kusi ndege huruka kuelekea kusini ili upepo uje usoni. Tuseme Kusi inavuma kilomita 30 kwa saa. Ndege inayotua kwa kilomita 120 ikiukabili upepo inagusa ardhi kwa 90. Ikigeuka na kutua na upepo mgongoni, inagusa kwa 150. Nguvu ya kishindo hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kishindo cha pili kina nguvu karibu mara tatu ya cha kwanza. Na hapo ni ikiwa imefika.

Ndiyo sababu wakufunzi hufundisha kanuni ngumu kumeza: chini ya kimo ulichojipangia kabla ya kuruka, tua mbele yako, kushoto au kulia kidogo, nyuzi 30 kila upande. Shamba la mihogo, kichaka, hata ufuo. Ndege itavunjika, lakini watu walio ndani ya chombo kilichogusa ardhi kikiwa sawa na kwa mwendo mdogo wana nafasi kubwa ya kutoka. Rubani mzuri huitamka kanuni hiyo kwa sauti kila mara kabla ya kuruka, hata akiwa peke yake, ili isiwe uamuzi wa kufanya wakati wa hofu.

Lakini "mbele yako" ni nini pale Malindi? Hili halizungumzwi vya kutosha. Mji umeuzunguka uwanja. Kila kiwanja tupu kinachokatwa na kujengwa kwenye mwelekeo wa njia ya ndege kinamwondolea rubani shamba moja la kutua na kumwongezea mkaazi hatari moja juu ya paa lake. Mwanafunzi anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akakosa mahali. Anayegawa viwanja mwishoni mwa njia ya ndege anashiriki katika usalama wa anga, ajue asijue.

Barafu, hapa hapa kwetu

Kwa nini injini izime? Wengi hufikiria chuma kimevunjika. Hutokea, lakini mara nyingi injini huzima kwa kukosa petroli, kwa petroli chafu, au kwa jambo ambalo Malindi halisadikiki ukilisema: barafu.

Injini nyingi za ndege ndogo za zamani, na nyingi za vyombo vya viti viwili, zina kabureta, kama pikipiki. Ndani yake hewa inapita kwenye koo jembamba na petroli inageuka mvuke. Vyote viwili hunyonya joto. Umewahi kupakwa spiriti kabla ya sindano ukahisi baridi? Ni jambo hilohilo, na ndilo linalopoza maji ya mtungi wa udongo. Ndani ya kabureta joto linaweza kushuka nyuzi 20 hadi 30 kwa mara moja. Hewa ya nyuzi 28 ikishuka hivyo, unyevu wake unaganda ukutani mwa koo na kulifunga polepole. Hewa kavu ya jangwani haina cha kugandisha. Hewa ya Pwani, inayokufanya uloe jasho ukiwa umekaa kitako, inacho tele.

Hatari huwa kubwa rubani anapopunguza moto, yaani nguvu za injini, ili ashuke, kwa sababu kilango cha hewa kinabaki wazi kidogo tu na barafu haihitaji kuwa nyingi kukiziba. Dalili ya kwanza ni ndogo: mizunguko ya injini inashuka kidogo bila mtu kugusa kitu. Asiyejua huongeza moto kidogo, mizunguko inarudi, na tatizo linajificha. Baada ya dakika chache injini inatetemeka.

Dawa ni kivutio kimoja kwenye dashibodi kinacholeta hewa iliyopashwa na bomba la moshi. Kivutwe chote, si nusu. Nusu inaweza kuyeyusha theluji kavu isiyo na madhara ikawa maji yanayoganda mbele zaidi. Kisha rubani lazima avumilie, kwa sababu injini itazidi kutetemeka kwa sekunde kadhaa inapomeza maji ya ile barafu. Wapo waliodhani wameharibu wakakirudisha, na injini ikafa. Na ukichelewa hadi izime, bomba la moshi linapoa na hewa moto hakuna tena. Kwa hiyo huvutwa kabla ya kupunguza moto, wakati wa kushuka wote.

Ubaya wa barafu hii ni kwamba haiachi ushahidi. Mchunguzi akifika nusu saa baadaye anakuta kabureta kavu, petroli nzuri, plagi safi. Kijijini watasema kuna mkono wa mtu. Mchunguzi ataangalia joto na unyevu wa saa ile, na ataelewa. Cessna 172 zilizotoka kiwandani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hunyunyiza petroli moja kwa moja bila kabureta, kwa hiyo ugonjwa huu haziujui.

Maji ndani ya tangi ni ndugu yake. Tangi lililolala nusu tupu usiku kucha katika hewa yetu hutoa jasho kwa ndani, na mvua hupenya kwenye kifuniko chenye mpira uliochakaa. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na bomba la kwenda injini liko huko huko chini. Kabla ya safari ya kwanza ya siku na kila baada ya kujaza, rubani hufungua vali ndogo chini ya kila tangi na kukinga kwenye kikombe kinachoonyesha. Petroli ya ndege inayoitwa 100LL hutiwa rangi ya buluu. Maji yataonekana kama tone au mstari chini yake. Mtego uko hapa: kikombe kikijaa maji matupu hakuna mstari wowote, na mwenye haraka ataona "safi". Kwa hiyo kikombe huinuliwa mbele ya kitu cheupe ili ile buluu ionekane, kisha kinanuswa. Mafuta ya ndege za turbini nayo hayana buluu na hunuka kama mafuta ya taa. Tone lake kwenye karatasi huacha doa la mafuta, la petroli hukauka na kutoweka. Injini ya pistoni ikinyweshwa mafuta hayo huweza kuruka vizuri kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, kisha ikafa mahali pabaya kuliko pote.

Viti vinne si watu wanne

Cessna 172S inaruhusiwa kuruka ikiwa na kilo 1,157 kwa jumla. Yenyewe tupu ina kama 760. Zinabaki karibu 400. Jaza tangi, lita 200, na kwa kuwa lita ya petroli ni kilo 0.72, umetumia 144. Zimebaki 253. Watu wanne wa kilo 75 ni 300, na hujaweka begi hata moja wala ile katoni ya maembe ya shangazi. Ama upunguze petroli, ama mtu mmoja abaki. Abiria aliyealikwa kuruka asione aibu kuulizwa kilo zake, na asidanganye.

Mahali pa mzigo nako kuna neno. Chombo kilichojazwa tezi, yaani nyuma, huinua omo, yaani mbele, na kukataa kutii usukani. Ndege iliyojazwa mizigo nyuma huinua pua yenyewe, na tumeshaona pua ikiinuka inaelekea wapi.

Ongeza joto. Husemwa kwamba Pwani hakuna shida ya hewa nyepesi, isiyobeba bawa vizuri, kwa kuwa tuko usawa wa bahari. Vitabu vya ndege huhesabu hewa ya nyuzi 15. Kila nyuzi moja juu ya hapo huifanya ndege ijione iko futi 120 juu zaidi. Adhuhuri ya nyuzi 32 Malindi ni sawa na futi 2,000, zaidi ya mita 600. Mamlaka ya anga ya Uingereza huwapa marubani wa starehe vizidishi vya umbali wa kuruka: uzito ukizidi kwa asilimia 10, zidisha kwa 1.2, joto likipanda nyuzi 10, kwa 1.1, ardhi laini, kwa 1.25 au zaidi. Upepo mdogo wa mgongoni wa sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kunyanyukia, kwa 1.2. Vizidishi hivi havijumlishwi, vinazidishana. Ndege iliyoandikiwa mita 500 kitabuni, yakikutana yote manne, itahitaji mita 990. Kwenye kiwanja cha mchanga chenye minazi mwishoni, tofauti hiyo ndiyo minazi yenyewe.

Macho yanapodanganywa

Rubani wa starehe huruka kwa kuona: upeo wa macho ndio bilikuli yake, yaani dira yake ya kukaa sawa. Ukiondoka, sikio la ndani linachukua usukani, na sikio ni mwongo. Mtoto akizungushwa kisha akasimamishwa anaona nyumba bado inazunguka. Rubani ndani ya wingu huhisi yuko sawa ilhali analala upande na kushuka. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwaweka wanafunzi marubani 20 katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178.

Wingu si lazima. Tarehe 16 Julai 1999 John F. Kennedy Jr., mwana wa aliyekuwa rais wa Marekani, alianguka baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, akirusha ndege ndogo aina ya Piper usiku wenye utusitusi juu ya maji. Ndege haikuwa na hitilafu iliyoelezea kuanguka. Wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo asijue juu wala chini. Mtu anayejua bahari ya Lamu usiku usio na mwezi, upande wa nje ya Manda, anajua weusi huo. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima, na giza halina subira. Aliyechelewa kuondoka Kiwayu kwa sababu chakula kilichelewa alale huko huko.

Macho hudanganywa mchana pia. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na ndege ya abiria aina ya Dash 8 yenye watu 44 iliyokuwa ikielekea Diani ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, jirani na uwanja wa Wilson. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walikufa. Dash 8 ilirudi ikatua. Watu huuliza: anga lote lile, walishindwaje kuonana? Manahodha wana jibu. Chombo kinachokuja kukugonga hakisogei machoni pako. Kinabaki mahali palepale kwenye upeo, kikikua tu, na mwishoni hukua ghafla. Jicho hunasa kinachotembea, si kinachotulia. Kwa hiyo rubani hufundishwa kugawa anga vipande na kusimamisha jicho kwenye kila kimoja, kutazama nyuma ya nguzo ya dirisha, na kutaja redioni alipo hata kama anaamini yuko peke yake.

Nayo yale "mashimo ya hewa" ambayo abiria hulalamikia? Hewa haina mashimo. Ardhi iliyochomwa na jua hurusha hewa moto juu, bahari na misitu huishusha, na ndege inayopita kutoka Arabuko-Sokoke kwenda ufuoni huvuka kama mashua inavyovuka mawimbi. Inakera, mara chache sana huangusha.

Baada ya kishindo

Ndege ndogo nyingi hazina kisanduku cheusi, wala sheria haizilazimishi. Kwa hiyo mabaki yenyewe ndiyo kumbukumbu. Propela iliyopindika kama herufi S na kuchubuka kwa mviringo ilikuwa ikizunguka kwa nguvu. Iliyonyooka huenda injini ilikuwa imezima. Mahali swichi ya tangi ilipokuwa, simu iliyorekodi mwendo, matone ya petroli yaliyobaki: yote husomeka. Anayeondoka na kipande kwa kumbukumbu au kwa kuuza chuma chakavu ameng'oa ukurasa. Uchunguzi chini ya Kiambatisho cha 13 hulenga kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Wiki mbili za kimya si njama.

Wachunguzi hawapati sababu moja karibu kamwe. Wanapata paa la makuti. Kila kuti lina tundu, na mvua haipiti kwa kuwa kuti la juu limefunika tundu la chini. Siku matundu yakipangana, tone linafika kitandani: petroli haikukingwa kwa sababu ya haraka, haraka ilitokana na kuchelewa, mzigo ulizidi kidogo, joto lilikuwa la adhuhuri, na pua haikushushwa kwa wakati. Kuziba tundu moja lolote kati ya hayo kungetosha.

Ukifika wa kwanza, piga 999 au 112. Jongea kutoka upande unakotoka upepo, ili mvuke wa petroli usije kwako, na usiruhusu sigara wala pikipiki inayonguruma karibu. Usipite mbele ya propela, hata ikiwa imesimama: injini hizi hujitengenezea cheche bila betri, na propela ikisukumwa kidogo inaweza kuzunguka. Baadhi ya ndege nyepesi, kama zile za Cirrus, zina parachuti ya chombo kizima inayofyatuliwa na roketi. Ukiona onyo hilo limeandikwa ubavuni na parachuti haijafunguka, kaa mbali na paa na sehemu ya nyuma ya chumba. Aliye ndani anayepumua, na hakuna moto, asivutwe kwa mikono. Shingo na mgongo huenda vimeumia. Msemeshe, mzuie asijitikise. Moto ukiwaka, mtoe kwa vyovyote, ukikata mkanda kwa kisu kama kifungo kimegoma. Na wale wanaorekodi kwa simu warudi nyuma hatua hamsini, barabara ibaki wazi kwa gari la wagonjwa.